Mchezo wa Bure na Duka Lililo Ndani Yake

(Somo hili lilisomwa redioni kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima ya Mwanza, Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe. Kabla ya kufungua redio, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya: BURE, DUKA, SARAFU, SALIO, NAMBA YA SIRI.)

Natumaini wale wa mwaloni wamekwisha anua dagaa zao, na wale wa shamba wamepata kivuli cha kukaa. Leo sitaanza na kitabu. Nina barua hapa mkononi, na barua hii ndiyo somo letu.

Imeandikwa na mama mmoja wa darasa la ufukweni, huku Ilemela. Jina lake sitalitaja, kwa maana ameniomba hivyo. Barua ina mistari minane. Herufi zake ni kubwa, na nyingine zimelala kama mashua iliyokosa upepo, lakini nimezisoma zote bila taabu. Miezi kumi iliyopita mama huyu alikuwa akitia dole gumba badala ya sahihi.

Anaeleza kwamba anauza dagaa. Fedha za kununulia mzigo mwingine huziweka katika simu. Ana mwana wa miaka kumi na minne, na mwana huyo hucheza mpira ndani ya simu ya mama yake kila jioni. Alipomwuliza bei ya mchezo huo, mtoto alijibu, "Ni bure, mama." Basi mama akaridhika. Lakini alipokwenda kununua mzigo aliona fedha zimepungua shilingi 46,000. Sasa anauliza maswali mawili. La kwanza: kama mchezo ni wa bure, fedha zangu zimekwenda wapi? La pili ameliandika peke yake katika mstari wa mwisho: Je, mwanangu ni mwizi?

Nitajaribu kuyajibu yote mawili. Lile la pili litangoja kidogo, maana haliwezi kujibiwa kabla ya la kwanza.

Basi, mchezo huo ni kitu gani? Ninyi nyote mwalijua bao. Bao lina mashimo na lina kete, na likishachongwa ni mali ya mwenyewe. Akifa, mtoto wake hulirithi. Seremala aliyelichonga haji jioni kusema, "Kete zako zimekwisha muda wake, lete shilingi mia tano." Michezo ya kompyuta, ambayo vijana huiita gemu, zamani ilikuwa na desturi hiyo hiyo. Mchezo uliuzwa ndani ya diski, yaani kisahani chembamba kama cha santuri ndogo. Mtu alilipa mara moja, akaenda na mali yake.

Mkipita mitaani hapa Mwanza mtaona mabanda ya gemu. Vijana wamebanana juu ya benchi, macho yote yako kwenye televisheni, na wawili kati yao wameshika kile kifaa cha vibonye wanachokiita pedi. Mwenye banda alinunua mashine na diski, na kila mchezaji humlipa shilingi mia kadhaa kwa mechi. Mimi sisemi haya kwa kusikia. Nilipokuwa chuoni nilikuwa mwenyeji wa banda moja, na nakiri kwamba mara nyingi nililala bila chakula cha jioni kwa sababu ya mechi za kulipiza kisasi. Mchezo wetu ulikuwa wa mpira, uliotengenezwa na kampuni ya Japani iitwayo Konami. Kampuni hiyo ilianza kutoa michezo ya mpira ya namna hiyo mwaka 1995, na tangu mwaka 2001 wengi waliujua mchezo wenyewe kwa jina la Pro Evolution Soccer, ambalo vijana walilifupisha kuwa PES. Kwa miaka mingi, kila mwaka ulitoka mchezo mpya, na kila mwaka wenye mabanda walinunua diski mpya.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea mwaka 2021, kwani linaonyesha vizuri asili ya tabu ya mama yetu.

Mwaka uliotangulia kampuni haikutengeneza mchezo mpya kabisa. Ilirekebisha ule wa zamani, ikasema nguvu zake zote ziko katika kazi kubwa inayokuja. Vijana wakangoja. Tarehe 21 Julai 2021 tangazo likatoka. Jina la PES linaachwa, na mchezo mpya utaitwa eFootball. Hautauzwa tena ndani ya diski. Utapakuliwa kutoka mtandaoni, yaani utavutwa na kuingia katika mashine au simu yako kwa njia ya intaneti. Na bei yake? Bure. Neno ni hilo tu, herufi nne. (Mwalimu wa darasa alinyoshee kidole neno la kwanza ubaoni, na darasa lilisome pamoja.)

Mngedhani vijana wangepiga vigelegele. Wengine walipiga kweli. Kijana asiye na fedha ya diski alijua sasa ataingia uwanjani sawa na mtoto wa tajiri. Mwenye simu alisikia kwamba ataweza kushindana hata na mwenye mashine kubwa. Katika nchi kama yetu, ambako diski moja ya asili yaweza kula mshahara wa siku nyingi, jambo hilo si dogo.

Lakini wengine walinuna, na hasa wale waliokuwa wakiupenda mchezo huo kwa miaka mingi. Walijiuliza swali lile lile la mama yetu. Kampuni ina mafundi mamia. Mafundi wanakula, wanalipa kodi ya nyumba. Tena kampuni inavilipa vilabu vya Ulaya ili itumie majina na jezi zao. Nani atalipa gharama hizo kama mlango ni wa bure? Wakatazama tangazo kwa makini, wakaona jibu. Uwanja ni wa bure, lakini ndani ya uwanja pana duka.

Siku ya kwanza mchezaji angepata vilabu tisa tu vya kucheza navyo: Barcelona, Juventus, Bayern, Manchester United, Arsenal, Corinthians, Flamengo, São Paulo na River Plate. (Pamba yetu haimo, msiniulize.) Ile sehemu iliyopendwa kuliko zote, ambamo mtu hujifanya meneja na kuilea timu yake msimu baada ya msimu, haikuwamo. Waliambiwa itakuja baadaye, nayo itauzwa. Waliopenda kuwahi waliwekewa furushi la kulipiwa kabla, lenye vitu vya kutumia ndani ya mchezo, kwa bei ya karibu dola 40 za Marekani. Kwa hesabu ya wakati ule ni zaidi ya shilingi elfu tisini. Ndivyo neno bure lilivyoanza kupata mkia.

Tarehe 30 Septemba 2021 mchezo ukafunguliwa. Aibu iliyoipata kampuni siku ile haijasahauliwa na wapenzi wa gemu hata leo. Mpira ulikwenda kama unaviringishwa katika matope. Wachezaji walipenya miilini mwa wenzao. Sura za watu mashuhuri zilionekana kama vinyago vilivyochongwa usiku bila taa. Liko duka la mtandaoni liitwalo Steam, linalouza michezo ya kompyuta, na ndani yake kila mwenye mchezo anaruhusiwa kuandika hukumu yake. Watu waliandika kwa hasira hata eFootball ukawa miongoni mwa michezo iliyopewa alama mbaya kabisa katika historia ya duka hilo. Kesho yake tu, tarehe 1 Oktoba, kampuni ikaomba radhi hadharani. Mwezi wa Novemba ikaahirisha matengenezo makubwa hadi mwaka uliofuata, ikafuta lile furushi la kulipiwa kabla, ikawarudishia watu fedha zao. Mchezo uliokamilika zaidi ulitoka Aprili 2022, na wa simu ukafuata mwezi Juni.

Angalieni jambo moja hapa. Wale waliokasirika walikuwa wanaweza kusoma tangazo, na walikuwa na mahali pa kuandika malalamiko yao. Kwa sababu hiyo kampuni iliwasikia. Tena waliolipa kabla walirudishiwa. Shilingi 46,000 za mama yetu hazikurudi, na tutaona kwa nini.

Nisiwe mwonevu. Mchezo ule ulitengenezwa, ukapata nafuu, na kampuni imetangaza kwamba umepakuliwa zaidi ya mara milioni 700 duniani. Watu hawachezi kitu kibaya kwa miaka mingi kwa sababu ya ujinga tu. Nawafahamu vijana wanaoucheza bila kutoa hata senti, nao wanafurahi. Yawezekana, ila yataka moyo mgumu kama wa mtu anayekatiza sokoni siku ya gulio akiwa na njaa.

Sasa tuingie ndani ya duka lenyewe.

Katika duka la kawaida utaona: kilo ya sukari, bei yake hii. Katika duka la mchezo huoni shilingi. Kwanza unanunua sarafu za mchezo kwa fedha zako za kweli, kisha kwa sarafu hizo unanunua vitu. Kwa nini wazungushe hivyo? Mtu akitoa shilingi elfu mbili, mkono husita. Akitoa sarafu mia moja zenye rangi ya dhahabu, hausiti. Tena sarafu huuzwa kwa mafungu, na mara nyingi mafungu hayalingani na bei za vitu. Unabaki na sarafu chache zisizotosha kununua kitu, na ili zisipotee bure unaongeza nyingine. Mchuuzi mjanja wa mtaani angevua kofia kuwasalimu watu hawa.

Na kitu kinachouzwa ni nini? Hapa ndipo penye kiini. Mara nyingi huuziwi mchezaji unayemtaka. Unauziwa nafasi ya kumbahatisha.

Nendeni pale Mlango Mmoja, kwenye soko la mitumba. Mfanyabiashara hununua robota limefungwa kwa mikanda. Haoni kilichomo. Akilikata huenda akakuta mashati mazuri, huenda akakuta makoti ya baridi kali ambayo hapa Mwanza hayana mnunuzi. Ni bahati, nanyi mwaijua bahati hiyo. Lakini robota lote ni lake. Koti baya atalishusha bei, tambara atalifanya la kupigia deki. Katika duka la mchezo kijana hakati robota lote. Hulipa, akaingiza mkono mara moja, akatoa kipande kimoja. Akikosa, hulipa tena. Na alichokitoa kwa kawaida hawezi kukiuza wala kumpa ndugu yake kwa njia ya halali. Siku kampuni ikizima mitambo yake, shati na koti vyote hupotea.

Tufanye hesabu kwa mfano, na kila mtu aandike. Tuseme robota la mchezo lina wachezaji 150, na wanaotafutwa ni watatu. Kila anayetolewa harudi ndani. Tuseme kuingiza mkono mara moja ni shilingi 2,000. Mara ya kwanza bahati yako ni 3 katika 150, yaani 1 katika 50. Sasa, kijana anayetaka kuwa na hakika ya kupata angalau mmoja wa wale watatu, ajiwekee fedha kiasi gani? Wasiotakiwa ni 147. Akiwa na mkosi kabisa atawatoa wote 147 kwanza, na wa 148 ndiye atakayekuwa mmoja wa wale watatu. 148 mara 2,000 ni shilingi 296,000. Bei hiyo haikuandikwa popote dukani. Michezo mingi siku hizi huandika asilimia ya bahati mahali fulani ndani yake, kwa herufi ndogo. Lakini bei ya hakika, hiyo ujipigie mwenyewe.

Wajapani wana neno la biashara ya namna hii, gacha. Limetokana na mlio wa mpini wa mashine za barabarani zinazotoa vidude vya watoto: unatia sarafu, unazungusha, kinaanguka kijaluba na hujui kimebeba nini. Wajapani hao hao walipoona watu wanaangamia, mwaka 2012 serikali yao ilikataza namna moja ya gacha iliyozidi ukali, ile ya kumtaka mtu akusanye seti nzima ndipo apate zawadi kubwa. Mwaka 2018 Ubelgiji ilichunguza michezo kadhaa ikasema baadhi ya visanduku hivi vya bahati ni kamari, nayo kamari ina sheria yake. Kampuni ya Marekani iitwayo EA, iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa mpira wa FIFA, ikaacha kuuza pointi za mchezo huo nchini humo Januari 2019. Na huko Marekani, Desemba 2022, wenye mchezo wa Fortnite walikubaliana na tume ya biashara ya serikali kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wanunuzi. Tume ilikuwa imedai kwamba vibonye vya mchezo vilipangwa hata watu wakanunua bila kukusudia, na watoto wakanunua bila idhini ya wazazi. Hapa kwetu sheria ya michezo ya kubahatisha hukataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Mtoto wa mama yetu ana miaka kumi na minne, naye hakuingia nyumba ya kamari. Alikuwa amekaa jikoni kwao.

Hapa studioni ninaye mwanafunzi wetu mmoja, mzee mvuvi, aliyekuja mjini kwa shughuli zake. Nilimsomea barua ile, akatikisa kichwa. Sikilizeni mazungumzo yetu.

MWALIMU: Shikamoo mzee wangu.

MZEE: Marahaba, mwalimu. Mimi ninalo neno moja. Huyo mchezaji anayenunuliwa, mtoto anaweza kumshika?

MWALIMU: Hawezi. Ni picha.

MZEE: Anaweza kumla?

MWALIMU: Hawezi, mzee.

MZEE: Basi huo ni upumbavu. Mimi nikinunua wavu, naushika.

MWALIMU: Ni kweli. Lakini niruhusu nikuulize. Jezi hiyo uliyovaa ni ya timu gani?

MZEE: (anacheka) Ya Simba.

MWALIMU: Inakukinga baridi kuliko shati jingine?

MZEE: Haikingi. Lakini nikiivaa, watu wanajua mimi ni nani.

MWALIMU: Na kijana naye ndivyo. Akiingia uwanjani na mchezaji mkubwa, wenzake wanajua yeye ni nani. Akiingia na wale wa bure, wanamcheka.

MZEE: Hapo umenipata, mwanangu. Lakini jezi yangu niliinunua kwa fedha yangu.

Mzee amesema kweli, nami sikuwa na jibu la kumpa. Turudi kwa mama.

Nilimwandikia kumwuliza, kijana alipataje kutoa fedha wakati simu hudai namba ya siri? Jibu lake lilinifika baada ya siku tano, na tangu hapo sikuona usingizi mzuri. Namba ya siri alimpa yeye mwenyewe, zamani, wakati hajui kusoma. Kila ujumbe ukiingia alimwita mwanawe, "Njoo unisomee." Kila alipotaka kutuma fedha, mtoto ndiye aliyebonyeza. Mtoto alikuwa macho yake. Alikuwa na miaka tisa alipoanza kazi hiyo, wala hakuna aliyemwuliza kama anaipenda.

Fedha zilitoka mara nne: 10,000, kisha 10,000, kisha 6,000, kisha 20,000. Hazikwenda moja kwa moja kwa wenye mchezo. Zilitumwa kwa kijana mmoja mtaani anayewanunulia wenzake sarafu na kujikatia faida. Kwa sababu hiyo haikuwezekana kuzidai. Mtu akinunua katika duka lenyewe, kwa mfano duka la Google lililomo katika simu nyingi, kuna njia ya kuomba fedha irudi, na yafaa kuomba mapema, ndani ya saa 48. Duka hilo pia laweza kuamriwa lidai neno la siri kila linapotaka kuuza; tafuteni kijana mnayemwamini awaonyeshe mahali pa kuweka amri hiyo, nanyi mchague neno hilo wenyewe. Lakini kwa fedha aliyotumiwa mtu wa mtaani kwa hiari ya mwenye namba ya siri, hapana duka la kulishtaki.

Mama huyo aligunduaje? Jumbe nne za kampuni ya simu zilikuwamo humo humo ndani ya simu. Mtoto hakuzifuta. Hakuona haja. Alijua mama yake hasomi, akasahau kwamba kwa miezi kumi mama huyo alikuwa akiondoka nyumbani kila Jumanne na Alhamisi na daftari chini ya kanga. Jioni moja mama akaketi, akaufungua ujumbe mmoja, akausoma herufi kwa herufi: UMETUMA. Kisha akasoma jina la mtu asiyemjua. Kisha akasoma neno ambalo darasa lake lilijifunza mwezi uliopita: SALIO.

Kwa hiyo, mama, swali lako la kwanza nimekwisha kulijibu. Mchezo ulikuwa wa bure, duka lililo ndani yake halikuwa la bure, na fedha zako zilikwenda kununua nafasi za kubahatisha picha za wachezaji.

Swali la pili. Kuchukua fedha ya mzazi bila ruhusa ni kosa, wala sitalipamba kosa hilo kwa maneno ya kisomi. Mtoto alijua, asingejua, angekuambia. Lakini kumwita mwizi, mimi nasita, nami nitawaelezeni sababu. Watu wazima wenye elimu na mishahara wamelala mbele ya duka la namna hii na kuamka hawana kitu. Serikali za nchi tajiri zimelazimika kuingilia kati. Sisi tulimweka mtoto wa miaka kumi na minne peke yake mbele ya mlango huo, na funguo za sanduku la nyumba tukamtundikia shingoni. Nasema sisi, maana mimi ni bwana elimu wa wilaya, na mama huyu alikaa miaka mingi kilomita chache kutoka ofisini kwetu bila darasa.

Wazee wa Usukuma watakumbuka habari za mizani. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi inawapunja, nao hawakuweza kubisha kwa sababu wengi hawakujua kusoma mshale umesimama wapi. Wakaweka wapimaji wao wenyewe, wanaoweza kusoma. Kutokana na juhudi kama hizo vyama vya ushirika vilikua, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Na mpango wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO ulipoanza katika mikoa hii ya ziwa mwaka 1968, baadhi ya vitabu vyake vilihusu kilimo cha pamba. Ujumbe wa simu ndio mizani yetu ya leo, nao hauna mshale, una maneno.

Mama amenieleza alichofanya baadaye. Alibadilisha namba ya siri, akaichagua mwenyewe, wala hakuiandika popote. Simu hakumnyang'anya mtoto. Jioni mtoto bado hucheza, akiwa na wachezaji wale wale aliowanunua kwa fedha za dagaa, na Jumamosi humsaidia mama yake kubeba mzigo mpaka deni lake la 46,000 liishe. Ujumbe ukiingia, hamwiti tena. Anasema siku ya kwanza mtoto alisimama karibu akingoja kuitwa, kama alivyozoea, na mama akasoma mpaka mwisho, polepole, na mtoto akaondoka bila neno. Anasema hajui kama alikuwa amekasirika au amefurahi. Mimi pia sijui.

Sasa kazi ya nyumbani. Chukueni kalamu.

Moja. Fungua ujumbe wa mwisho uliotumiwa na kampuni yako ya simu. Uandike katika daftari kama ulivyo, neno kwa neno. Usiandike namba ya siri.

Mbili. Jumlisha: 10,000 na 10,000 na 6,000 na 20,000. Kisha andika katika mstari mmoja ni vitu gani ungenunua sokoni kwa fedha hiyo.

Tatu. Mwulize kijana wa nyumbani kwako mchezo anaoucheza unaitwaje, na ndani yake kinauzwa nini. Andika majibu yake. Usimgombeze kabla hajamaliza kusema.

Wale wa Ukerewe waliokosa somo lililopita kwa sababu ya mvua, nakala zao zimepelekwa Nansio kwa meli ya jana. Alhamisi tutasoma risiti ya duka la dawa. Kwa herini.